Chanuo Lililozoea Maji

Mwanangu Kabula,

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kwamba barua njema huanza kwa kuuliza hali. Sasa nikuulize hali wewe, ambaye kutwa nzima umepita hapa mlangoni ukipiga chafya kwa vumbi na kulalamika kwamba mboga zangu zina mchanga? Najua hujambo. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wazee wa upande wa kisimani, na kwa jinsi watu wa huku wanavyoaga, utakalishwa, utapewa karanga, utaulizwa kama huko uendako kuna ng'ombe, na hutarudi kabla mifugo haijaingia zizini. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa nje kwenye kigoda, kalamu yako moja nimeiiba, na kuku wako mwekundu ananitazama kama hakimu.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kula vizuri, wala ya wanaume. Shangazi yako Minza ameyasema yote hayo tangu aliposhuka kwenye basi la Tinde, na kesho akikusindikiza hadi stesheni ya Shinyanga atayasema tena. Mvumilie. Ni dada wa baba yako na hana mtoto mwingine wa kumchosha.

Nakuandikia habari ya chanuo. Jumapili, tulipokaa kwenye jamvi tukikata viazi, uliniomba uondoke nalo. Uliomba kwa adabu. Ulisema huko kwenye nchi ya baridi unakokwenda wana karakana ya kutunza mbao zilizotolewa chini ya bahari, na kwamba chanuo la baba yako limelainika, jino moja limekatika ncha, na maji ya chungu tunamolihifadhi yanachelewesha tu kuharibika, hayaponyi. Nikapandwa na hasira palepale. Nikakuambia, "Baba yako alikwenda majini, nikarudishiwa sanduku. Wewe ukienda, nitarudishiwa nini?"

Uliweka kisu chini, ukachukua ndoo, ukaenda kisimani. Uliporudi, ulichota kata ya kwanza ukaimimina kwenye chungu cha chanuo, kama tunavyofanya siku zote, ndipo ukatupa na sisi maji ya kunywa. Minza akaniangalia. Mimi nikaangalia viazi vyangu. Tangu Jumapili natafuta namna ya kusema nawe, lakini mdomo wangu unaujua, ukifunguka hutoa pilipili kwanza. Bora kalamu, inakwenda polepole na mimi nayo.

Acha nianzie mbali kidogo. Mengine unayajua kwa kusimuliwa na Minza, naye huongeza chumvi.

Baba yako Masanja alikuwa seremala wa mgodini, huko Geita. Watu wakisikia mgodi hudhani kila mtu alikuwa akichota dhahabu kwa koleo. Yeye hakushika hata punje. Kazi yake ilikuwa kukata magogo na kuyasimamisha chini ya ardhi ili mwamba usiwaangukie wenzake. Alirudi nyumbani akinukia mbao mbichi na baruti, na sikioni amechomeka penseli nene ya seremala, ambayo aliisahau hapo hata akilala. Wewe ulizaliwa huko, siku ya mvua iliyoezua paa la jiko letu, ndiyo maana ukaitwa Kabula, mtoto wa mvua.

Mgodi ulipofungwa, pampu zilizimwa na maji yakaanza kupanda mashimoni. Wanaume walikaa vikundi vikundi wakisikitikia kazi. Baba yako alirudi nyumbani anacheka. Aliniambia nguzo zake sasa zitaishi kuliko sisi. Nikadhani amechanganyikiwa. Akanieleza kwamba mti huoza pale unapolowa na kukauka, ukalowa tena na kukauka, kama mguu wa kitanda kwenye nyumba inayovuja, lakini mti uliozama kabisa, gizani, pasipo hewa, hutulia. Nikamwambia anywe uji wake unapoa. Laiti ningemsikiliza siku ile! Lakini mke wa seremala husikia habari za mbao asubuhi na jioni, mwishoni masikio huziba.

Wenzake wengi walikwenda kuchimba vishimo vyao wenyewe upande wa Rwamgasa. Yeye alikataa, akasema shimo lisilo na nguzo ni kaburi lililoachwa wazi. Akashuka ziwani, akapata kazi ya kutengeneza maboti ya mbao yaliyovusha marobota ya pamba. Kulikuwa na boti moja iliyokuwa ikivuja, na mwenye boti akamwomba apande nayo ili aendelee kuziba nyufa wakiwa njiani. Akapanda na sanduku lake la zana. Dhoruba ikawakuta mbali na nchi kavu. Mtu wa Kishapu, aliyekulia mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga mtupu, kuogelea angejifunzia wapi? Baadhi yao walipatikana. Yeye hakupatikana.

Nikarudi nawe kwao, kwa bibi yako huku Kishapu, tukakaa matanga yasiyo na kaburi. Sitayaeleza, unayajua ya kutosha. Nitakuambia moja tu ambalo hata Minza halijui. Tangu siku ile sikula samaki. Watu walidhani ni mwiko wa ukoo wetu, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kumbe ni woga. Kila nilipoona samaki sokoni nilifikiri kile ambacho na wewe sasa unakifikiri, na nikawa nageuza uso nikakimbilia kwenye chumvi na vitunguu.

Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele alipokuja Mzee Faustini. Ni mvuvi wa Kizinza, mtu mrefu, mpole, na kabla ya siku ile hatukuwa tumewahi kumwona. Nyavu zake zilikuwa zimenasa chini kwenye boti iliyozama, kwenye maji marefu, na katika kuvutana nazo walipandisha sanduku. Alilijua ni la nani kwa sababu baba yako alikuwa amechoma jina lake kwenye kifuniko kwa msumari wa moto, na watu wa ufukweni walimkumbuka fundi Masanja. Basi yule mzee alipanda lori la pamba, akaulizia, akafika kwetu na mzigo umezungushiwa magunia mabichi. Njia nzima alikuwa akiyamwagia maji. Nilimwuliza kwa nini anajitesa. Akasema hakutaka maji ya sanduku yamalizike kabla mwenyewe hajaliona. Alikunywa maji, akala ugali, akalala siku moja, akaenda zake. Hakutaka hata kuku. Kila ninaposali humtaja kwa jina, na ukifika mahali pa kusali huko, mtaje na wewe.

Tulilifungua, Kabula. Lilikuwa limetoka kwenye tope la miaka, lakini mbao zake zilikuwa zimekaa sawasawa, pembe zimeshikana kama siku alipozigonga. Randa ilikuwamo. Mpini wa patasi ulikuwa na alama ya gumba lake. Na ndani kabisa, chini ya zana, kulikuwa na chanuo la mninga ambalo halijakwisha. Meno ya upande mmoja yalikuwa yamechongwa na kulainishwa. Upande wa pili kulikuwa na mistari tu, mistari ya penseli, kuonyesha mahali patakapokatwa. Ziwa zima lilipita juu ya mistari ile lisiifute. Alikuwa anakuchongea wewe, kwa sababu nywele zako zilikuwa ngumu na vitana vya dukani vilikuwa vinavunjika, na ulikuwa unalia kila Jumamosi.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa maana ndilo linalonifanya nikuandikie. Hapa kwetu kitu kikipendwa kinaanikwa. Viazi tunakata, tunaanika, vinakuwa michembe inayokaa hadi mvua nyingine. Majani ya kunde tunaanika. Nyama, ngozi, mbegu, dawa, vyote juani. Mama yangu alinifundisha hivyo na mama yake alimfundisha hivyo: ukitaka kisiharibike, kitoe maji. Kwa hiyo, kwa mapenzi yangu yote, nililiosha sanduku la baba yako, nikalipandisha juu ya mwamba ule tuliokuwa tukianikia, nikaliweka katikati ya michembe, penye jua kali kuliko pote. Nikakaa kivulini nalilinda lisisumbuliwe na mbuzi. Niliona nimefanya la maana.

Wewe ulikuwa umelishika chanuo. Nilikuagiza ulipeleke nalo mwambani. Badala yake ulikwenda ndani, ukalitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Maji niliyoyafuata mimi, kwa kichwa changu, kwenye mashimo ya mtoni! Nilikufokea hadi bibi yako akatoka nje. Ulirudi nyuma ukashika ukuta, machozi yanakutoka, halafu ukasema kitu kimoja tu.

"Mama, lilizoea maji."

Bibi yako akasema mwache mtoto. Nikatafuta chungu kidogo, nikalihamishia humo, kwa hasira, kwa nia ya kuja kulianika ukisahau.

Sanduku lilianza kulia jioni ile. Wewe ulikuwa umelala, mimi nililisikia, ta, ta, kama kuni mbichi motoni. Baada ya siku chache za jua mbao zilikuwa zimejikunja kama majani makavu, pembe zimeachana, kitako kimeanguka, na kifuniko kimepasuka katikati ya jina lake. Nilijaribu kulifunga kwa kamba. Nilijaribu kulipaka mafuta. Kile ambacho ziwa liliniwekea kizima, mimi mkewe nilikiharibu kwa kukipenda vibaya. Nililia kuliko nilivyolia kwenye matanga. Wazee wa ukoo wakasema, basi, angalau sasa tuna cha kuzika, na vipande na zana zake tukavizika nyuma ya zizi, kwa heshima zote, na mzee mmoja akatema maji ya baraka. Baba yako akapata kaburi. Tulipotoka hapo nilikwenda moja kwa moja ndani kuangalia chungu. Chanuo lilikuwa zima, na mistari yake yote.

Tangu hapo kata ya kwanza ikawa yake. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, ilitokea tu. Mtu akirudi na maji, anamwaga ya jana miguuni kwa mpapai, anaweka mapya, anafunika, ndipo watu wanakunywa. Ulipokwenda shule nilifanya peke yangu. Kuna mwaka wa ukame, hata mashimo ya mtoni yalitoa tope, na wanawake tulikuwa tunatoka kabla ya jogoo. Niliona aibu kumwagia mti maji wakati watoto wa jirani wana kiu, nikaacha. Siku iliyofuata nikakuta chungu kimejazwa. Sikujua ni nani. Nilikuja kugundua kwamba ni jirani, mama wa watoto walewale, alikuwa akipita nikiwa shambani. Nilipomwuliza alisema kwamba shemeji yake, yaani baba yako, naye anasikia kiu. Kesho yake nikaanza tena.

Na unakumbuka serikali ilipotuhamisha kule na kutuleta hapa kijijini. Kila familia ilipakia vyake kwenye lori, vitanda, kuku, vinu, mabati. Mimi nilipanda na chungu mapajani, kimejaa maji, na dereva akaniambia, mama, huko tuendako maji yapo, mwaga hayo. Nikamwambia aendeshe gari lake. Kila alipopita kwenye shimo alikuwa anageuka kutazama kama nimelowa, na nilikuwa nimelowa hadi viatu. Kaburi la sanduku lilibaki kule nyuma, peke yake, na sasa ng'ombe wa watu wanakanyaga pale. Ndiyo maana Jumapili nilipandisha sauti, mwanangu. Sina kingine chake. Wewe na hilo chanuo, basi, na mliomba kuondoka siku moja.

Nilikosea tena mara ya pili, na mara hii sikuanika mbao. Ulikuwa sekondari, umerudi likizo, umekuwa kimya. Mwalimu wako alikuwa ameniambia kwamba kwenye insha uliandika baba yako yu hai, fundi wa maboti, anakuja kukutembelea na samaki. Badala ya kuliweka moyoni, nikalitoa mbele ya wanawake waliokuja kutwanga. Nikakusimamisha katikati yao nikakutaka useme kwa kinywa chako kwamba baba amekufa. Nilifikiri nakuponya. Nilifikiri likitoka nje, likapigwa jua, litakauka na kwisha. Ulisema. Ulisema kwa sauti ndogo, huku unaangalia mchi, na niliona kitu usoni mwako kinajikunja. Nilikuwa nimekwisha kukiona kitu hicho juu ya mwamba, na bado sikukitambua.

Likizo iliyofuata ulikwenda Tinde kwa Minza. Na nyingine. Na nyingine. Nilimwonea Minza wivu hadi nikaacha kumsalimia. Naye kila alipokuja hakunilaumu, alisema tu kwamba unakula, unalala, unasoma, na kwamba niache mlango wazi. Kama ningekuwa na akili ningemshukuru siku ileile. Namshukuru leo. Alikuweka mahali pa kivuli, wakati mimi sikuwa na kivuli cha kukupa.

Halafu ukarudi mwenyewe. Ulikuwa umeshaanza chuo, na kwenye begi ulikuwa na gazeti la picha ulilopewa na mwalimu mgeni. Ulinikuta nakata viazi, ukachukua kisu, ukakaa, na bila mimi kukuuliza ukaanza kunieleza habari za merikebu zilizozama. Ulisema kwenye bahari ya joto kuna mdudu mwenye umbo la mnyoo anayetafuna mbao hadi meli nzima inakwisha. Lakini kule kwenye bahari ya baridi, chini sana, mahali ambapo jua halijawahi kufika, mdudu yule haishi, na meli zimekaa wima kwenye tope milingoti imesimama. Watu huteremsha taa na kamera kwa kamba ndefu, na wanachokiona ni sahani zilizopangwa kwenye rafu, kiatu kimefungwa kamba, pipa halijafunguliwa. Na zile za chuma huota kutu inayoning'inia kama ndevu za mzee. Nilikuacha useme. Visu vyetu vilikuwa vinakwenda pamoja. Halafu ukasema, "Mama, pale alipo baba ni pazuri. Ni kimya, na hakuna kinachoharibiwa ovyo."

Hukunidanganya. Nilikuuliza kama na mtu hukaa hivyo, ukasema hapana, mtu hakai kama mbao, ila alivyovishika vinakaa. Ulisema nguzo zake za mgodini bado zimesimama majini, na boti imelala na misumari yake, na mahali fulani kuna nyundo yake ambayo nyavu hazikuipata. Kabula, miaka yote ile nilikuwa nimemwona mume wangu kwenye meno ya kila samaki. Wewe, niliyekupasua mbele za watu, ndiye uliyekuja kunitoa kwenye picha ile na kunipa nyingine. Wiki ile nilinunua sato mnadani Mhunze, nikampika kwa nyanya. Ulinicheka kwa kuwa nilikuwa nimesahau kutoa miiba. Nilikula kichwa na mkia.

Ndipo nikajua kwamba jambo lililokaa chini sana halivutwi. Lina namna yake ya kupanda, na linataka mtu wa kukaa karibu nalo na kisu cha viazi, asiulize. Wewe ulilijua hilo ukiwa huna meno ya mbele. Mimi nimelijua nikiwa karibu kuyapoteza yangu.

Sasa kuhusu ombi lako. Juzi usiku nilimwuliza Minza unakwenda kufanya nini hasa kwenye karakana hiyo, maana wewe nilikuwa nimekununia. Minza akanieleza kama ulivyomweleza: kwamba hamzianiki zile mbao, mnazilaza kwenye maji yenye namna fulani ya nta, na nta inaingia kidogo kidogo pale maji yanapotoka, miaka na miaka, mpaka siku mti wenyewe unakubali kukaa nje bila kujikunja. Kwamba kazi yenyewe ni subira, na kwamba mtu akifanya haraka anapoteza yote. Nilikaa nikiwaza. Mimi mwaka wa ukame nimeshinda na chungu, nikadhani hakuna mwingine duniani mwenye wazimu huu. Kumbe kuna jumba zima la watu kama mimi, wanazipa mbao maji, na mwanangu wamemwita akakae nao. Nilicheka peke yangu gizani hadi Minza akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo jana asubuhi, uliponiona nimevaa khanga mpya ukaniuliza kama nina bwana, nilikuwa nakwenda Mhunze kwa Mzee Salumu wa dukani. Unaujua ule mtungi wake wa kioo wa pipi, wenye kifuniko kipana, uliokaa tupu pale mezani tangu bidhaa zilipoadimika. Nilimwambia nauhitaji kwa ajili ya safari ya mume wangu. Mzee wa watu akaniangalia, akadhani jua limenipiga, lakini nilipomaliza kumsimulia alikwenda kuuosha mwenyewe, mara mbili, akaufuta kwa kanzu yake. Akasema pipi zenyewe zimesahaulika, heri uweke kitu cha thamani.

Chanuo limo humo. Nimelizungushia kipande cha khanga yangu ya zamani, nimejaza maji ya kisima chetu hadi juu, na kifuniko nimekikaza kwa mpira wa baiskeli. Liko kwenye begi lako kubwa, katikati ya nguo, chini ya michembe aliyokupakia Minza. Ndiyo, nimeviweka pamoja, kilichoanikwa na kisichoanikwa. Wewe utajua namna ya kuvitunza, kila kimoja kwa namna yake.

Nina ombi moja juu yake. Likikubali kukaa nje, msilichonge meno yale yaliyobaki. Wataalamu wenu wakitaka kulimalizia, wakatalie. Hapo kwenye mistari ndipo penseli yake ilipopita akiwa anakufikiria, na mimi nataka pabaki hivyohivyo. Na likikataa, likapasuka mikononi mwako, usiogope kurudi nyumbani. Nilishapasua sanduku, sitakulaumu kwa chanuo. Urudi tu. Hata ukikaa kimya mwaka mzima, nitakuwa na viazi vya kukata.

Nakusikia unakuja, na kicheko chako kimetangulia. Lazima wamekupa pombe ya mtama. Nimalize.

Neno letu la Kisukuma la kushukuru, ukilisikiliza vizuri, linasema umetengeneza. Nimelitamka maisha yangu yote, kwa aliyenipa chumvi na kwa aliyenifungulia lango, nisiwaze lina nini ndani. Leo nalisema nikijua ninachosema. Wabeja, Kabula. Nilikupasua, ukarudi ukanitengeneza.

Chungu nimekiosha nimekiinamisha ukutani. Kesho alfajiri nitakwenda kisimani mapema kabla lori la kukuchukua halijafika. Usitoke kitandani mpaka nirudi. Kata ya kwanza ni yako.

Mama yako.